Filamu Iliyoninyang'anya Emerson

Mwanamke mwenzako akikuchukulia mwanamume, unajua pa kwenda. Unavaa viatu, unafunga nywele, unaenda kumgongea mlango. Lakini mimi nilichukuliwa na filamu. Tena filamu kuukuu, ya askari wa kizungu waliovaa sare za bluu wakikimbiza farasi kwenye majabali yetu wenyewe, iliyopigwa kabla sijazaliwa. Hapo unamgongea nani?

Nilimpata wa kumgongea. Alikuwa Bernita Salt, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kanda ya filamu hiyo.

Bernita alirudi kutoka Los Angeles kuja kumuuguza baba yake, akaja na televisheni kubwa, mashine ya video na rangi ya mdomo ambayo haikumtoka hata akila nyama ya kondoo. Jumamosi sita mfululizo Emerson Manygoats, mchumba wangu, mwanamume niliyebakiza wiki tatu kuolewa naye, alichana nywele, akavaa shati safi na kwenda kwa Bernita kuangalia *Kikosi cha Mto Mkavu*. Emerson huyo huyo aliyekuwa akisikia muziki wa filamu za kaboi anatema mate! Yeye aliyekuwa akisema kila Mnavajo mwenzetu, mwenyeji wa asili wa Marekani, aliyeanguka kwenye hizo filamu alianguka kwa ujira wa mkate! Sasa alikuwa akipigilia kwato za farasi misumari huku akipiga mluzi wa tarumbeta la askari. Nilipomuuliza anasikia nini moyoni, alisema filamu ni nzuri. Basi. Nzuri.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha shule ya bweni, mimi na Ardith, binti wa mama yangu mdogo, ambaye kwetu ni dada yangu kabisa. Ardith ana ulimi, Mungu amsamehe.

"Dada, gari lake lilikuwa pale tena Jumamosi," alisema, tukikunja shuka, yeye upande ule, mimi upande huu.

"Najua."

"Masaa manne mazima. Filamu gani hiyo ya masaa manne?"

"Wanairudisha nyuma. Kuna mahali wanapaangalia tena na tena."

"Wanairudisha nyuma!" Ardith alicheka mpaka akaangusha ncha zake za shuka. "Haya. Kumbe siku hizi ndivyo kunavyoitwa."

"Ardith, nitakupiga na hii shuka ikiwa mbichi."

"Nipige mimi wa nini? Mimi simchanii mtu nywele Jumamosi."

Usiku ule sikulala vizuri na sioni aibu kusema. Nilimwona Bernita kila nilipofumba macho, amekunja miguu kwenye kochi, anamwekea Emerson kahawa. Na kusema kweli nilimwona hata yule kapteni wa filamu, ambaye sura yake nilikuwa nimeiona kwenye jalada la kanda tu. Nilimchukia kapteni kama mtu anayenidai.

Ujue pia kwamba Emerson sikumpata kirahisi. Mjomba Wilford, kaka wa mama, alikataa mwaka mzima. "Huyu ni mtu wa kufuga farasi wakali," alisema. "Siku moja atavunjika kiuno, Lavina, na wewe utamlisha kwa kijiko. Tena ni mtoto aliyelelewa na bibi, nani anajua vizuri upande wa baba yake?" Nililia, nikasusa chakula, nikaacha kumchungia mjomba kondoo wake, mpaka akachoka. Emerson akaleta farasi wanane, mjomba akawapokea, mambo yakaisha. Sasa baada ya vita vyote hivyo, nishindwe na televisheni?

Jumamosi ya saba nilimfuata zizini asubuhi. Alikuwa akimzungusha farasi jike mchanga kwa kamba, mavumbi mekundu yamemfika magotini. Nilisimama kwenye uzio.

"Leo tena?" nikamuuliza.

"Leo ndiyo mwisho. Jumatatu Bernita anarudi Los Angeles na kanda yake. Mchana huu anaionyesha ukumbini, kila mtu aje."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Kwenye kiti, Lavina. Watu hukaa kwenye viti."

"Kiti cha ubavuni kwa nani?"

Alimwachia farasi kamba kidogo. Hakunitazama. "Unatafuta ugomvi na bado hatujala chochote."

"Mimi nimekula. Nimekula maneno ya watu wiki sita. Niambie kitu kimoja tu, Emerson. Una nini na hiyo filamu?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Kwa Bernita unaweza?"

"Kwa Bernita sina haja ya kusema."

Lo! Laiti angenichapa kofi ningepona mapema. Nilishika uzio kwa mikono miwili. Yeye naye aliona amekosea, kwa sababu alimfunga farasi akaja karibu, akasimama upande wake wa mbao, uso wake umelowa jasho, yale macho yake niliyoyagombania mwaka mzima yakinitazama kwa huruma ambayo sikuitaka.

"Njoo uone mwenyewe," akasema taratibu. "Kaa na mimi. Usiniulize tu. Halafu nakuomba jambo moja, mama yako asije. Akiingia yeye mimi itabidi nitoke, na leo ndiyo mara ya mwisho."

"Mama yangu hapendi filamu."

"Basi vizuri."

"Vizuri sana," nikasema, na hapo hapo shetani akanipa mpango.

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake, na mama mkwe hamtazami yeye. Si ugomvi, ni heshima, na wazee wanasema wakikutana macho wote wawili watapofuka. Tangu mjomba alipopokea wale farasi, mama yangu na Emerson walikuwa wakikwepana kama paka na maji. Mama akija huyu anatorokea dirishani. Mama ameshona hata kengele ndogo ya fedha kwenye shali yake, ili mkwe asikie mapema. Sasa fikiria. Kama Emerson bado ni wangu, mama akiingia ukumbini ataficha uso na kuondoka ubavuni kwa Bernita, mbele ya watu wote. Na kama ameshanitupa, atakaa pale pale amtazame mama usoni kama anavyomtazama mwanamke yeyote mzee, nami nitajua nimekwisha. Ilinipasa kujua siku ile ile. Sikuweza kuingia kwenye ndoa huku nabahatisha.

Mama nilimkuta akichambua sufu.

"Twende ukumbini, mama. Kuna kahawa na kuna picha."

"Picha gani?"

"Ile waliyopiga hapa ulipokuwa msichana."

Mikono yake ikasimama. "Ya askari? Ile ya askari wa farasi?"

"Hiyo hiyo."

"Mimi niliwauzia mkate wa kukaanga hao," akasema, akajinyoosha shali. "Kapteni wao alikula mitano, akaumwa tumbo siku mbili. Emerson yupo huko?"

"Yupo zizini," nikasema. Nilimdanganya mama yangu mzazi, bila hata kukohoa.

Tulipofika nilimwacha jikoni, upande wa nyuma, na akina mama waliokuwa wakipika mchuzi wa kondoo. Nikamwambia nitamwita viti vikipatikana. Nikaingia ukumbini peke yangu. Madirisha yalikuwa yamezibwa na mablanketi, watu wamejaa, watoto chini, na mbele kabisa, kwenye mwanga wa televisheni, nikamwona Emerson amekaa. Na ubavuni kwake, bila shaka, rangi ya mdomo.

Sikwenda kukaa naye. Nilisimama ukutani karibu na mlango, nimekunja mikono, nimekuja kuchukia.

Na ningechukia vizuri kama wangeanza na vita. Lakini palikuwa na mwanamke kwenye filamu, mke wa kapteni, anaanika shuka nje ya boma la askari. Kikosi kinatoka. Farasi wanapita wawili wawili nyuma ya shuka zake, kofia na bendera, na nyuma yao majabali yetu, yale yale ninayoyaona nikifungua mlango asubuhi, lakini hayakuwahi kuwa makubwa namna ile. Watu wote wa bomani wanapunga mikono. Yeye hapungi. Anaendelea kuanika, shuka moja, shuka nyingine, mpaka mavumbi ya farasi wa mwisho yakatulia. Halafu akakaa kwenye kapu la nguo mbichi, akaweka kiganja mdomoni. Jamani! Mimi ninayekunja shuka kwa mshahara! Nilimjua yule mwanamke mpaka mifupani. Alikuwa akilionea wivu jeshi zima.

Kutoka hapo nikanaswa. Kapteni akafika kwenye mto mkavu, akamimina maji yake ya mwisho kwenye kofia, akamnywesha farasi kwanza, akalamba ukingo wa kofia. Nilimpenda hapo hapo, nikakasirika kwamba nimempenda. Ukaja mkutano na machifu, ambao walikuwa wazee wetu wenyewe wamevishwa manyoya ya kabila jingine. Chifu mkuu akainua mkono akasema kwa lugha yetu, kwa sauti nzito ya kutisha, "Yule mpishi wao ametunyima nyama tena. Kesho akileta maharagwe narudi nyumbani." Mkalimani akamgeukia kapteni akamwambia, "Anasema damu itamwagika." Ukumbi mzima uliangua kicheko, vikongwe wakajipigapiga mapaja, na mimi nikacheka mpaka nikajifuta macho na kusahau nimekuja kufanya nini.

Nikageuza macho kumtafuta Emerson, nione naye anachekaje. Hakuwa akicheka. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, anasubiri kitu. Na Bernita akaweka mkono wake juu ya mkono wa Emerson, akaubana. Emerson hakuuondoa.

Sikuwaza zaidi. Nilitoka, nikazunguka jikoni, nikamshika mama mkono.

"Viti vimepatikana."

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi, mama. Twende."

Ilikuwa Agosti, mwezi wa joto kali kwetu.

Kengele ilitutangulia. Nilimsukuma mama kidogo mlangoni, ikalia, na wanawake wa nyuma wakageuka, wakamwona, na wote kwa pamoja wakapaza sauti, "Emerson! Mkweo! Emerson, mkweo huyo!"

Sasa, nikawaza. Sasa hivi nitajua.

Emerson alishusha kofia yake mpaka kidevuni, akaruka kutoka kwenye kiti kama ameungua, akaugeukia ukuta. Mama naye akapiga yowe, akajifunika shali kichwa kizima, akaanza kupapasa. Lakini ukumbi ule una mlango mmoja tu, na mama ndiye aliyeuziba. Huyu hawezi kutoka, yule haoni pa kurudi. Watoto walikuwa wakibingirika chini kwa kicheko.

"Lavina!" mama akafoka ndani ya shali. "Zizini, ndiyo?"

Mimi nilikuwa kwenye raha isiyosemeka. Ameficha uso! Ni mkwe! Ni wangu! Nilimtazama Bernita nikitaka aone meno yangu yote. Na hapo nikasikia sauti ya Emerson kutoka ukutani, nayo haikuwa sauti ya mtu aliyefanyiwa mzaha.

"Lavina! Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Niangalizie. Upesi. Upande wa kushoto, kwenye mchanga. Farasi wa madoa."

"Nini?"

"Niangalizie, nakuomba!"

Nikageukia televisheni. Askari walikuwa wakishambulia, na wapanda farasi wetu wakishuka mlima kuwakabili, na kweli upande wa kushoto alikuwako kijana mmoja mwembamba juu ya farasi wa madoa meupe na meusi. Bunduki ikalia. Kijana akatupa mikono juu, akaanguka kinyumenyume, akabiringika mchangani mara tatu. Alitakiwa abaki amekufa. Lakini farasi wake alirudi, akamnusa shingoni, na yule maiti akacheka. Alijaribu kujizuia, akaziba mdomo na mkono, mabega yakamtikisika. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Halafu picha ikahamia kwa kapteni.

Upande mmoja wa mdomo. Mimi nimebusu upande ule.

Baridi ikanishika kweli safari hii. Baba wa Emerson aliondoka duniani Emerson akiwa hajasimama dede. Kwetu mtu akishaondoka jina lake halitajwi, vitu vyake vinazikwa naye au vinachomwa, na hakuna picha inayobaki. Emerson hakuwahi kumjua baba yake, na hakuweza kuniambia anamtazama nani, kwa sababu kuniambia ni kumtaja. Bernita hakuhitaji kuambiwa. Baba yake mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wapanda farasi, na watu wa kanisani kama wao, walioacha miiko yetu, hawaogopi kumnyooshea marehemu kidole.

Akina mama wa jikoni walikuja wakamzungusha mama wakamtoa, kengele ikilia na yeye akiniahidi mambo ambayo sitayaandika. Mlango ukabaki wazi. Bernita akasimama, akaiendea mashine.

"Emerson, ameshatoka," akasema. "Keti. Nakurudishia nyuma."

Mimi nilitazama sakafu. Ilikuwa haki yake aende akakae. Nilikuwa nimemharibia siku yake ya mwisho kwa makusudi, na mwanamke yule tayari ameweka kidole kwenye kitufe. Kama angerudi kwenye kile kiti, nisingekuwa na la kusema.

"Hapana," Emerson akasema. "Acha iendelee, watu waione. Ahsante, dada."

Dada. Nilimsikia kwa masikio yangu mawili.

Akaja kwangu akipapasa viti, kofia bado usoni, akanishika kiwiko, nikamwongoza nje mpaka nyuma ya ukumbi, kwenye kivuli cha ukuta, ambapo mama asingeweza kutokea ghafla. Akavua kofia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi ndiye niliyemleta mama," nikasema. "Makusudi. Nilifikiri wewe na Bernita..."

"Najua."

"Unajua?"

"Ile kengele haitembei peke yake, Lavina."

"Nipige basi. Nitukane. Mwambie mjomba akurudishie farasi wako."

"Nyamaza kwanza." Alinishika mabega yote mawili. "Umeona?"

"Nimeona."

"Niambie ulichoona."

"Si umekiona mara arobaini? Nenda, bado anaweza kukurudishia."

"Nimekiona, ndiyo. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Bibi alikufa bila kuniambia neno hata moja. Nina miaka thelathini na moja, Lavina. Bernita alinyoosha kidole tu, akanyamaza. Sijawahi kusikia mtu akisema kitu chochote juu yake, hata kwamba alikuwa mrefu."

Ndani ya ukumbi tarumbeta lililia na watu wakashangilia. Niliogopa, nisiseme uongo. Nilizaliwa na kulelewa nikiambiwa mambo haya yaachwe yalale. Lakini yule aliyeniomba alikuwa mume wangu mtarajiwa, na ombi lake hakuwa amempelekea mtu mwingine.

"Kuna mtu mmoja," nikaanza, bila jina, kama inavyotakiwa. "Ni mrefu. Amekonda kama wewe, na amekaa juu ya farasi kama amezaliwa pale. Wakampiga risasi akaanguka vizuri sana, hakuna aliyeanguka kama yeye. Farasi wake akarudi kumfuata. Wengine wote farasi wao walikimbia, wake akarudi."

"Akafanya nini?"

"Akamnusa hapa, shingoni."

"Halafu?"

"Akacheka."

"Alicheka?"

"Alicheka, Emerson. Aliziba mdomo asionekane, lakini alicheka. Upande mmoja tu, huu hapa."

Nikamgusa kwenye kona ya mdomo. Alifumba macho, akaegemeza paji lake la uso begani kwangu, na uzito wake wote ukanijia, nikauchukua.

"Niambie tena," akasema.

Nikamwambia tena.